Unga Uliowauma Waangalifu

Mtuhumiwa wa kwanza kuachiwa huru alikuwa kabati.

Lilisimama kwenye kona ya maabara, pana kama kabati la nguo la mke na mume, lenye kioo cha kupandisha na kushusha kwa mbele, na feni juu yake ya kufyonza hewa chafu na kuitupa nje ya paa. Humo ndimo unga ulimopimwa. Kama feni ingekuwa mbovu, unga ungewaingia watu puani na machoni, na kesi ingeishia hapo bila mtu kulala rumande. Inspekta alichana karatasi laini, akaining'iniza kwa vidole viwili chini ya kioo. Karatasi ikalala kwa ndani, ikapepea, ikataka kumponyoka.

"Linavuta," alisema.

"Linavuta sana," alisema Meneja, kwa fahari ya mtu aliyelinunua. "Nililichagua mwenyewe."

Inspekta hakuvunjika moyo. Kituoni wenzake walimwita Taratibu, jina alilopewa kwa kejeli akalipenda mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, adui wa ngazi, na aliamini kwamba haraka haraka haina baraka hata katika kukamata wezi. Leo lakini Meneja alikuwa na haraka kwa niaba ya wote wawili. Kesho alasiri bodi ya kiwanda ingekaa, na alitaka kuipelekea jina la mkosaji, afukuzwe kazi kisha afikishwe mahakamani kwa kumtilia mwenzake sumu.

Jina lenyewe alikuwa nalo tayari. Wiki iliyopita mkemia wa kiwanda, aliyejulikana na wote kama Mama Mizani kwa jinsi asivyoamini kitu kisichopimwa, alitoka kazini mzima. Alipofika kituo cha basi macho yalikuwa yamevimba, na alipofika hospitali koo lilikuwa linaziba. Waliwahi kumwokoa. Daktari akasema mara nyingine huenda wasiwahi. Kwenye mkanda wa mkoba wake ukapatikana unga, chembe chache tu, na mkoba huo ulikuwa ukining'inia ukumbini kwenye msumari jirani na ule wa fundi wa maabara. Huyo fundi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na wifi hao wawili walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa mama mkwe. Juu ya hayo, mlinzi alimwona fundi ametia mkono ndani ya mkoba ule.

"Sina ugomvi na mtu," Meneja alisema akijikuna sikio la kushoto. "Lakini fikiria. Mama Mizani kaumwa. Mlinzi naye vidole vimemtoka malengelenge. Huyu dada anashinda na unga kutwa nzima, na hana hata kipele! Mtu akijua moto uko wapi, haungui."

"Hilo sikio limefanya nini?"

"Mbu. Nyumba yangu iko karibu na bwawa."

Inspekta aliomba aonyeshwe unga. Meneja alivuta vizuri glavu zake za buluu, akaitoa chupa kwenye sanduku la chuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitikisa kidogo. Unga ulikuwa mweupe, wa kawaida, usio na sura ya kumdhuru mtu.

"Hii ndiyo dawa?"

"Bado. Huu ni unga wa katikati. Umeshaacha kuwa malighafi, haujawa dawa. Tutaupika tena, ndipo uwe kidonge cha kifua."

"Kama donge la unga kabla ya kuingia tanuri."

"Hasa. Ila donge hili linauma. Likikugusa ngozi inawasha, ukijipangusa jicho linavimba. Na mwili ukishaukataa mara moja, kila ukikutana nao tena ni vita kubwa zaidi." Alirudisha chupa. "Mimi huiangalia kila asubuhi. Unyevu ukiingia unga unaganda, na kazi yote imekwenda na maji."

"Hata sasa, maabara ikiwa imefungwa?"

"Hasa sasa! Tangu siku ile hakuna anayeingia ila mimi. Tumeosha meza, mizani, sakafu, mpaka vitasa vya milango. Na yule dada hajakanyaga humu."

Juu ya mlango kulikuwa na tangazo la herufi nyekundu, kubwa kama la duka jipya: GLAVU WAKATI WOTE. Meneja alimwona akilisoma.

"Sheria yangu hiyo. Nikiingia, glavu. Nikitoka, glavu. Mfano lazima utoke juu."

Simu yake ikalia. Aliitoa mfukoni, akabonyeza kitasa, akatoka akiongea kwa sauti ya mtu anayeongea na bodi. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Inspekta alibaki peke yake. Pembeni ya sinki kulikuwa na tangazo jingine, dogo, la mwandiko wa mkono: Vua glavu. Nawa. Ndipo utoke. Alitabasamu. Matangazo hayo mawili yalikuwa yamekaa chumba kimoja kama wifi wawili wasiosemeshana. Yeye alilelewa na mama mkali wa usafi, kwa hiyo hakuhitaji kufikiri amtii nani. Akavua glavu alizopewa, akazitupa kwenye pipa, akanawa kwa sabuni, akajipangusa juu juu kwenye sketi, akafungua mlango na kutoka.

* * *

Fundi aliitwa kwenye chumba cha mapokezi. Aliingia kwa kiwiko: alikibonyeza kitasa kwa kiwiko, akausukuma mlango kwa nyonga, akaufunga kwa kisigino. Mikono yake ilikuwa mitupu kabisa.

"Karibu, dada. Umebeba nini kisichoonekana?"

Fundi alijitazama mikono, akacheka kidogo bila kutaka. "Samahani, mama. Ni mazoea. Kabla ya hapa nilifanya kazi jiko la hospitali, mikono imejaa masinia asubuhi hadi jioni. Mume wangu anasema nitaingia hata kaburini kwa kiwiko."

"Na maabara?"

"Kote. Hata nyumbani."

Inspekta alilihifadhi hilo mahali pake. "Unamchukia wifi yako?"

"Nilimkasirikia. Mama alipofariki aliacha cherehani. Mimi ndiye niliyekaa chini ya cherehani ile toka natambaa. Kaka akampa mkewe bila hata kuniuliza. Lakini kumkasirikia mtu na kumuua ni safari mbili tofauti."

"Mlinzi alikuona umetia mkono kwenye mkoba wake."

"Aliona kweli."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikuwa natafuta."

"Basi ulikuwa unatia."

Fundi alikaza midomo. "Hilo ni letu la nyumbani, mama. Halina unga ndani yake."

"Bodi inakaa kesho saa kumi. Ukinyamaza watakufunga kwa kinywa chako mwenyewe."

"Na nikisema nitachekwa mpaka nife. Heri jela." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa bega. Hata machozi hakuyagusa kwa mkono.

Inspekta alimwacha aende. Mkoba wenyewe ulikuwa kituoni, umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, naye alikwisha kuukagua: funguo, leso, kitana, miwani ya kusomea, na kidude kidogo cha chuma, cha mviringo, ambacho hakuna askari aliyejua ni cha nini.

Mlinzi alikuwa langoni, vidole vimefungwa bandeji. Alisema hajawahi kuugusa unga maishani mwake, wala hajui unafananaje. Alilaumu sabuni mpya ya chooni.

"Maabara unaingia?"

"Naingia kufanya nini? Kazi yangu ni milango. Jioni wakishatoka napita, nabonyeza kila kitasa kuhakikisha kimefungwa, naenda zangu."

* * *

Nyumba ya Mama Mizani ilikuwa ya ghorofa ya tatu, na Inspekta alizilaani ngazi moja moja. Mgonjwa alikuwa kwenye kochi, kope bado nene, sauti ya kukwaruza. Mumewe, ambaye pia ndiye kaka wa mtuhumiwa, alileta chai na kuimimina kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuegemea upande wowote.

"Wapiganapo tembo, Inspekta..." alisema, sentensi akaimalizia jikoni.

"Niambie unavyofanya kazi," Inspekta alimwambia mgonjwa. "Toka mwanzo mpaka unapotoka."

Hapo Mama Mizani akachangamka kama aliyepewa dripu. "Glavu jozi mbili. Napima ndani ya kabati, kioo kimeshushwa mpaka chini ya kidevu. Unga ule mwepesi, unarukaruka, ndiyo maana nje ya chupa huwa naihesabu chafu hata kama inang'aa. Nikimaliza napangusa kwa kitambaa kibichi, sifagii hata siku moja. Glavu za juu naziacha ndani ya kabati, za chini nazitupa pipani. Nanawa. Ndipo natoka. Sijawahi kuugusa unga ule, Inspekta. Kuna mtu alinipaka. Na mtu mwenyewe ni wifi yangu."

"Kwa ajili ya cherehani?"

"Amekwambia? Basi na hili amekwambia? Siku niliyoletewa cherehani, nimekaa nishone, haishoni. Imeng'olewa kijumba cha bobini. Kale kachuma kanakokaa chini ya sindano. Bila hako, cherehani ni meza tu." Alihema. "Kwenye kona pale, nimeifunika kitambaa. Ningeshona nini?"

Inspekta aliinamia kikombe chake ili uso usimsaliti. Kachuma kadogo, ka mviringo. Basi kumbe.

Alinyoosha mkono kuchukua chai, na hapo ndipo alipotambua kwamba kwa muda sasa alikuwa anajikuna. Vidole vyote vya kulia vilikuwa vinawasha, na kwenye kiganja palikuwa na mstari mwekundu.

Alikiweka kikombe chini. Akanyanyuka, akaenda jikoni, akanawa mpaka kiwiko, akanawa tena. Inspekta alisimama mbele ya sinki, maji yakimchuruzika, na akaanza kucheka peke yake kwa furaha.

Ndani ya maabara hakugusa kitu ila kwa glavu. Baada ya kunawa, aligusa kitu kimoja tu: mlango.

Vitasa vilikuwa vimeoshwa wiki iliyopita, na tangu siku hiyo fundi hajaingia. Unga uliomwasha ulifika pale baadaye. Mwenye kuupeleka alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa anaumwa na mbu kwenye sikio.

Kwa hiyo aliyenawa vizuri ndiye aliyeungua. Mama Mizani na mikono yake safi, bado mibichi. Mlinzi na milango yake. Na yeye Taratibu, mtoto mtiifu wa mama yake. Waliotoka na glavu zao kama tangazo jekundu lilivyoamuru hawakupata kitu mikononi, na fundi naye aliokolewa na masinia ya hospitali.

Kujua ni jambo moja. Kumwambia Meneja mbele ya bodi kwamba sumu ni sheria yake ni jambo jingine kabisa. Mtu wa namna ile haamini mpaka aone kwa macho yake. Inspekta aliaga, na njiani akanunua pakiti ya sabuni ya unga ya kufulia.

* * *

Asubuhi aliomba kwa upole mambo matatu: chupa ya kweli ibaki imefungiwa ndani ya sanduku, chupa nyingine ya aina ileile ijazwe chumvi, na wahusika wote waje wafanye kazi kama siku yoyote. "Mazoezi tu," alisema. Fundi naye aitwe. Meneja alinung'unika, lakini alipenda mazoezi ya usalama kuliko alivyomchukia fundi, akakubali.

Kitu ambacho Inspekta hakumwambia mtu ni kwamba chupa ya chumvi alikuwa ameipaka kwa nje sabuni ya unga, aliyoisaga mpaka ikawa laini isiyoonekana.

Kazi ikaendelea. Fundi alipima chumvi ndani ya kabati, akapangusa, akarudisha chupa, akatupa glavu, akanawa. Mlango akaufungua kwa kiwiko, nje akavua koti lake kwa kuligeuza ndani nje na kulitia kwenye kapu la nguo chafu. Meneja aliingia na glavu zake, akaichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa. Simu ikalia. Akatoka.

"Sasa naomba wote turudi ndani," Inspekta alisema. "Na makoti yenu. Fungeni mapazia."

Kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe akatoa taa ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, aliyoazima kwa mtunza fedha. Chumba kikawa giza. Akaiwasha, na koti la fundi, alilokuwa amelishika kwa ncha, likawaka lote rangi ya buluu.

"Huyo!" Meneja alipiga kelele. "Mnaona? Mwili mzima!"

Inspekta akamgeuzia taa. Koti la Meneja likawaka zaidi.

"Hiyo ni sabuni ya dobi, bosi," alisema. "Sabuni ya unga inang'aa kwenye taa hii, na makoti yenu yote yanafuliwa nayo. Makoti tuyaache. Chupa yenu ya leo niliipaka sabuni hiyohiyo kwa nje. Tutazame mikono."

Mikono ya fundi ilikuwa gizani. Palipotakiwa kuwa na vidole hapakuonekana kitu.

Taa ikaenda mlangoni. Kitasa kiliwaka, na juu yake alama za vidole vinne zimepangana wazi. Taa ikarudi taratibu, kama mwenye kuishika, ikatua kwenye glavu za Meneja. Zilimeremeta kama amechovya mikono kwenye mbalamwezi. Ikaingia mfukoni mwake: simu ikawaka. Ikapanda.

"Geuza uso kidogo, bosi. Upande wa mbu."

Sikio la kushoto la Meneja liliwaka lote, toka juu hadi kwenye ndewe.

Mtu mmoja gizani alijizuia kucheka, akashindwa, na kicheko kikaenea mpaka fundi naye akacheka huku analia. Meneja hakucheka. Alijigusa sikio, akagundua amejigusa kwa glavu, akaushusha mkono haraka.

"Bwawa limekauka toka mwaka jana," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilishangaa mbu wanatoka wapi."

"Glavu si mkono safi, bosi. Glavu ni mkono mchafu ambao hauusikii. Wewe uligusa chupa, ukagusa kitasa. Mama Mizani akanawa vizuri, akashika kitasa chako, akashika mkoba, akajipangusa jicho. Hakuna aliyempaka."

"Nilitaka kuwalinda," Meneja alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea taa badala ya pingu."

Mapazia yakafunguliwa. Meneja alivua glavu zake, kwanza moja, ya pili akaitoa kwa kuigeuza ndani nje, kama alivyoona fundi akifanya koti. Akanawa. Kisha akavuta kiti, akapanda, na kwa mikono yake mwenyewe akalibandua tangazo jekundu. Lile dogo la Mama Mizani akalihamisha pale juu. Bodi ilipokaa saa kumi, jina alilopeleka lilikuwa lake, na kwa hilo Inspekta alimheshimu.

* * *

Jioni hiyo alizipanda tena ngazi za ghorofa ya tatu, safari hii bila kuzilaani sana. Fundi alikuwa amesimama nje ya mlango wa kaka yake, hajabisha hodi. Ndani mlikuwa na sauti ya vikombe.

"Una muda gani hapa?"

"Sijui nitasema nini, mama."

Inspekta alifungua kiganja chake, chenye mstari mwekundu uliokuwa umeanza kufifia. Juu yake palikuwa na kijumba cha bobini. "Nimekiosha kwa sabuni na maji mengi. Kilikuwa safarini, nikakikamata kimakosa. Ulikuwa unakirudisha, siyo?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. "Nilikichukua kwa hasira usiku wa msiba. Kila nikilala nasikia mama ananiuliza cherehani imefanya nini. Nikaona nikitie mkobani kimyakimya, adhani kilikuwemo siku zote. Ningesemaje? Mtu mzima mimi, nimeiba chuma cha cherehani!"

"Basi kimalizie safari yake. Mimi hiyo si kazi yangu."

Akampa. Fundi alikishika kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi, na kiwiko cha kulia kikanyanyuka chenyewe kuelekea kitasani. Kikasimama hewani. Akakitazama kama anakiona mara ya kwanza. Kisha akakishusha, akanyoosha mkono mtupu, akakishika kitasa cha wifi yake kwa kiganja kizima na kuufungua mlango.